Julius Wagner-Jauregg

Julius Wagner-Jauregg (Wels, 7 Machi 1857 – Vienna, 27 Septemba 1940) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na ya neva kutoka nchi ya Austria. Mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa sababu alitibu kaswende iliyofika kwenye ubongo kwa kuwaambukiza wagonjwa malaria makusudi. Alikuwa daktari wa kwanza wa magonjwa ya akili kupewa tuzo hiyo.

Tiba yake iliachwa baada ya kupatikana kwa penisilini. Swali lililomwongoza halikuachwa: inakuwaje homa, yaani dalili ya kinga ya mwili kupigana na ugonjwa, ibadilishe hali ya akili? Leo swali hilo linachunguzwa hasa kwa wanawake wanaougua akili muda mfupi baada ya kujifungua, na baadhi ya tafiti zinazohusika zimefanyika Tanzania, katika pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo.

Sifa yake yenyewe ina doa. Wagonjwa wake wengi hawakuombwa ridhaa kwa namna inayokubalika leo, na katika uzee wake aliunga mkono siasa ya kuzuia watu fulani wasizae.

Maisha ya awali

Alizaliwa mjini Wels, Austria ya Juu, akiitwa Julius Wagner. Baba yake, Adolf Johann Wagner, alikuwa mtumishi wa serikali. Mwaka 1883 familia ilipewa cheo cha ukabaila, na jina likawa Wagner von Jauregg. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza jamhuri mpya ya Austria ilifuta vyeo vya kikabaila, hivyo neno "von" likaondolewa na kubaki jina analojulikana nalo.

Alisoma shule ya sekondari mjini Vienna, kisha tiba katika Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1874 hadi 1880. Alifanya kazi katika maabara ya Salomon Stricker, mtaalamu wa patholojia, na huko alizoea kufanya majaribio juu ya wanyama. Katika miaka hiyo alifahamiana na Sigmund Freud. Waliheshimiana maisha yao yote, ingawa Wagner-Jauregg hakukubali kamwe mafundisho ya Freud.

Hakukusudia kuwa daktari wa magonjwa ya akili. Alitafuta nafasi ya kufanya kazi katika tiba ya kawaida akaikosa, ndipo mwaka 1883 akapokea kazi ya usaidizi katika kliniki ya akili ya Max Leidesdorf bila kuwa na mafunzo yoyote ya fani hiyo. Huenda hali hiyo ilimsaidia: aliwaangalia wagonjwa wa akili kama daktari wa mwili anavyomwangalia mgonjwa yeyote.

Mgonjwa wa mwaka 1883

Mwaka huohuo mwanamke mmoja aliyelazwa kwa ugonjwa mkali wa akili alipatwa na erisipela, maambukizi ya ngozi yanayoleta wekundu, uvimbe na homa kali. Homa ilipokwisha, akili yake nayo ilikuwa imetulia.

Habari za namna hiyo zilikuwa zimeandikwa na matabibu tangu zamani za Wagiriki, lakini zilichukuliwa kama bahati. Wagner-Jauregg alizikusanya kwa utaratibu. Mwaka 1887 alitoa makala ndefu kuhusu athari za magonjwa ya homa juu ya magonjwa ya akili, akauliza kama daktari angeweza kuiga jambo hilo kwa kuwapa wagonjwa homa, na tayari akaitaja malaria kama njia mojawapo. Ilimchukua miaka 30 kufika huko.

Homa na uzazi katika Vienna

Wazo hilo lilizaliwa katika mji uliokuwa na historia chungu ya homa na uzazi. Katika Hospitali Kuu ya Vienna, mwaka 1847, Ignaz Semmelweis alikuwa ameonyesha kwamba madaktari wenyewe waliwapelekea wazazi homa ya uzazi kwa mikono yao iliyotoka kupasua maiti. Alipoamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi vilipungua sana. Wakubwa wengi wa tiba walimpuuza, naye akafa mwaka 1865 akiwa amefungiwa katika hospitali ya wendawazimu karibu na mji huo.

Katika karne hiyo hospitali za akili za Ulaya zilipokea wanawake wengi waliochanganyikiwa siku au wiki chache baada ya kuzaa. Daktari Mfaransa Louis-Victor Marcé aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1858. Matabibu walibishana: je, wazimu huo ulitokana na sumu ya maambukizi, na uchovu na kupoteza damu, au na urithi wa familia? Hali mbili zilichanganywa mara nyingi. Mama mwenye homa ya uzazi anaweza kuweweseka kwa sababu ya maambukizi yenyewe, na homa ikitibiwa akili hurudi. Mama mwingine huchanganyikiwa bila homa yoyote. Usafi ulipoenea katika wodi za uzazi kundi la kwanza lilipungua, lakini la pili halikuondoka.

Umaarufu wa Wagner-Jauregg haukutokana na kutibu wazazi. Ila katika mjadala huo alisimama upande wa wale waliosema kwamba akili inaugua pamoja na mwili, si peke yake.

Graz: rovu na chumvi

Mwaka 1889 alichukua nafasi ya Richard von Krafft-Ebing katika Chuo Kikuu cha Graz. Milima ya eneo hilo ilikuwa na watu wengi wenye rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, na watoto waliozaliwa wakiwa wamedumaa mwili na akili. Wagner-Jauregg aliwachunguza na kuwapa dawa iliyotengenezwa kwa tezi za wanyama. Alishauri pia kutia kiasi kidogo cha madini ya joto (iodini) katika chumvi ya kula. Baada ya muda serikali ya Austria iliuza chumvi hiyo katika maeneo yaliyoathirika.

Kazi hiyo haitajwi sana kuliko ile ya malaria, ingawa imeokoa watu wengi zaidi na haikuhitaji kumhatarisha mtu. Tanzania nayo ilianza katika miaka ya 1990 kuwataka wazalishaji watie madini joto katika chumvi, wakiwamo wale wanaoanika maji ya bahari pwani, kama katika mashamba ya chumvi ya Nunge, Bagamoyo.

Kutoka tuberkulini hadi malaria

Mwaka 1893 alirudi Vienna kuwa profesa na mkuu wa kliniki ya magonjwa ya akili na neva, akadumu katika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1928.

Tatizo kubwa la hospitali za akili wakati huo lilikuwa hatua ya mwisho ya kaswende. Miaka kadhaa baada ya kuambukizwa, mgonjwa alianza kujiona tajiri au mfalme, akapoteza kumbukumbu, akapooza na kufa, kwa kawaida katika muda wa miaka michache. Bakteria wa kaswende waligunduliwa mwaka 1905, na mwaka 1913 walionekana ndani ya ubongo wa wagonjwa hao. Tiba haikuwapo.

Wagner-Jauregg alijaribu kwanza vijidudu vya erisipela, bila mafanikio. Kisha alitumia tuberkulini, dutu iliyotolewa na Robert Koch mwaka 1890 kama dawa ya kifua kikuu. Kama dawa ya kifua kikuu ilishindwa, lakini ilileta homa. Baadhi ya wagonjwa wa kaswende walipata nafuu, wengi wakarudia hali yao.

Koch mwenyewe alifika Dar es Salaam mwaka 1897, wakati wa ukoloni wa Kijerumani, akachunguza malaria huko na katika milima ya Usambara. Aliona kwamba watu wa milimani walipoteremka pwani waliugua homa, hali wenyeji wa pwani walikuwa na nguvu ya kuihimili. Wenyeji wa Usambara walimweleza kwamba homa hiyo huletwa na mbu wa nchi ya chini, na neno moja, mbu, lilitaja mdudu na ugonjwa pia. Hayo waliyajua kabla ya wataalamu wa Ulaya kuafikiana kuhusu jambo hilo.

Nafasi ya Wagner-Jauregg ilikuja wakati wa vita. Mwezi Juni 1917 askari aliyetoka katika mapigano ya Makedonia alilazwa kliniki kwake akiwa na malaria. Wagner-Jauregg aliagiza asipewe kwinini kwanza. Tarehe 14 Juni alichukua damu yake na kuwaambukiza wagonjwa wa kaswende ya ubongo. Kwa jumla wagonjwa 9 waliambukizwa mwaka huo. Waliachwa wapate vipindi kadhaa vya homa, kisha wakapewa kwinini. Sita walipata nafuu kubwa, ingawa baadhi ya hao waliugua tena baadaye.

Malaria iliyotumika ilikuwa ya aina ya Plasmodium vivax, ambayo kwa kawaida haiui haraka. Baadaye kidogo wagonjwa wengine waliambukizwa kwa kosa aina ya Plasmodium falciparum, ile iliyoenea Afrika, na baadhi yao walikufa. Kuanzia hapo alikuwa mwangalifu zaidi kuhusu chanzo cha damu.

Tiba hiyo ilienea Ulaya na Amerika katika miaka ya 1920. Kwa mgonjwa aliyekuwa na hakika ya kufa, nafuu hata ya miaka michache ilikuwa jambo kubwa, na wengine walirudi kazini. Lakini vifo kutokana na tiba yenyewe vilikuwa vya kawaida. Katika hospitali nyingine vilifikia zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 10. Hakukuwa na jaribio la kulinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa, hivyo ukubwa wa faida yake haujulikani kwa hakika. Nchini Marekani madaktari waliona kwamba wagonjwa wengi wenye asili ya Afrika hawakuambukizwa na Plasmodium vivax. Sababu iligunduliwa miaka mingi baadaye: chembe zao nyekundu za damu hazina protini iitwayo Duffy ambayo kimelea hicho hupitia. Ni sababu hiyohiyo inayofanya aina hiyo ya malaria iwe adimu katika pwani ya Afrika Mashariki.

Tuzo ya Nobel haikuja bila upinzani. Bror Gadelius, profesa wa magonjwa ya akili nchini Sweden, hakuona kwamba kumtia malaria mtu aliye mahututi ni kazi inayostahili kusifiwa.

Maelezo ya tiba

Wagner-Jauregg na wenzake walitoa maelezo mawili. La kwanza ni joto lenyewe, kwa kuwa bakteria wa kaswende hawavumilii joto kali. La pili ni kwamba malaria iliamsha kinga ya mwili mzima, na kinga hiyo ikawashambulia pia bakteria waliojificha. Huenda yote mawili yalichangia. Penisilini ilipoanza kutumika dhidi ya kaswende mwaka 1943 madaktari hawakuwa na sababu tena ya kulijibu swali hilo kwa kuwatia watu malaria.

Kosa lilikuwa kupanua wazo hilo. Kwa kuwa homa ilisaidia kaswende ya ubongo, madaktari wengi waliijaribu kwa magonjwa mengine ya akili yasiyotokana na bakteria, na wagonjwa wakapata hatari ya malaria bila faida.

Vita na siasa

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kliniki yake ilipokea askari waliotetemeka, kuwa bubu au kupooza kwa hofu bila jeraha. Wengine walitibiwa kwa kupitishiwa umeme. Mwaka 1920 tume ya serikali ilichunguza malalamiko kwamba tiba hiyo ilikuwa mateso. Freud aliitwa kutoa maoni ya kitaalamu. Alikosoa njia hiyo bila kumlaumu mwenzake kwa nia mbaya. Tume ilimwondolea Wagner-Jauregg lawama.

Baada ya kustaafu aliongoza chama cha Austria kilichohubiri uboreshaji wa kizazi, akatetea kufungwa uzazi kwa watu walioonekana kuwa na kasoro za kurithi, wakiwamo wagonjwa wa akili na wahalifu. Mwaka 1940, miezi michache kabla ya kufariki, aliomba kujiunga na chama cha Nazi. Ombi halikukubaliwa kwa sababu mke wake wa kwanza, Balbine Frumkin, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Kwa mke wake wa pili, Anna Koch, alikuwa na watoto wawili, Julia na Theodor. Alizikwa katika makaburi makuu ya Vienna.

Picha yake iliwekwa katika noti ya shilingi 500 ya Austria iliyotolewa mwaka 1953, na hospitali ya akili mjini Linz ilibeba jina lake kwa miaka mingi. Mambo hayo yamezua ubishi nchini humo.

Kinga ya mwili na akili ya mzazi

Kwa mwanamke mjamzito kinga ya mwili hubadilika ili isimkatae mtoto, ambaye nusu ya urithi wake ni wa baba. Baada ya kujifungua kinga hugeuka tena katika muda mfupi, wakati uleule homoni zinaposhuka ghafula na usingizi kukatika. Ndiyo sababu magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe huweza kujitokeza au kuzidi katika miezi hiyo. Tezi ya thairoidi ni mfano mkubwa: wanawake kadhaa kati ya kila 100 hupata uvimbe wa tezi hiyo katika mwaka wa kwanza baada ya kuzaa, wengi bila kujua. Tatizo hilo ni tofauti na rovu ya Graz iliyotokana na upungufu wa madini joto, ila katika hali zote mbili tezi ikiharibika akili nayo huathirika.

Saikosisi ya baada ya kujifungua huwapata wanawake 1 au 2 kati ya 1,000, kwa kawaida katika wiki mbili za kwanza. Mama hukosa usingizi, huchangamka kupita kiasi au huona na kusikia yasiyokuwapo, na maisha yake na ya mtoto huwa hatarini. Watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, waliripoti mwaka 2011 kwamba 19% ya wanawake waliopatwa na hali hiyo kwa mara ya kwanza walikuwa na ugonjwa wa kinga wa tezi ya thairoidi, kulinganisha na 5% ya wazazi wengine. Mwaka 2015 waliripoti kwamba wachache kati ya wagonjwa 96 walikuwa na kingamwili zinazoshambulia ubongo. Idadi hiyo ni ndogo, lakini kwa wanawake hao ilimaanisha kwamba walihitaji tiba tofauti kabisa.

Sonona ya baada ya kujifungua ni ya kawaida zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu 13% ya wazazi duniani hupatwa na tatizo la akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea karibu 20%. Hapa kinga ni sababu moja kati ya nyingi, pamoja na umaskini, ukatili wa mume na kukosa msaada.

Jijini Dar es Salaam wanawake karibu 1,000 wenye virusi vya UKIMWI walifuatiliwa kuanzia ujauzito, katika utafiti ulioanza mwaka 1995, kwa miaka kadhaa baada ya kujifungua. Zaidi ya nusu walionyesha dalili za sonona wakati fulani. Waliokuwa na dalili hizo waliendelea kuugua haraka zaidi na kufa zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2007, unatazama njia ileile kutoka upande wa pili: safari hii akili iliyoumia ilikwenda pamoja na mwili ulioshindwa kujilinda.

Bagamoyo na malaria ya makusudi

Kaskazini ya Dar es Salaam, kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara mjini Bagamoyo kimeshiriki majaribio ya chanjo za malaria RTS,S na R21. Huko pia vijana wa kiume wa kujitolea waliambukizwa Plasmodium falciparum kwa sindano ili kupima kinga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Ilikuwa mara ya kwanza katika zama hizi kwa jaribio la namna hiyo kufanyika Afrika.

Tofauti na Vienna ya 1917 ni kubwa. Washiriki wa Bagamoyo walikuwa wazima, walielezwa hatari na kukubali wenyewe, vimelea vilitayarishwa maabara, na dawa ilitolewa mara vimelea vilipoonekana katika damu. Lengo halikuwa kuwapa homa bali kuikomesha mapema.

Kwa wazazi wa pwani hiyo malaria haikuwa tiba kamwe. Mwanamke aliyekulia huko huwa na kinga ya kiasi, lakini katika mimba ya kwanza vimelea hujikusanya katika kondo la nyuma, mahali ambapo kinga yake ya zamani haiwezi kuvizuia. Kwa hiyo kliniki za wajawazito hutoa vidonge vya SP na vyandarua. Mzazi anayechanganyikiwa ndani ya siku zake arobaini huweza kudhaniwa kuwa amepandwa na shetani au jini, au ana wazimu tu. Hospitalini hupimwa kwanza malaria, maambukizi ya kizazi, shinikizo la damu pamoja na kifafa cha mimba, upungufu wa damu na, panapowezekana, tezi ya thairoidi, kwa kuwa kila moja kati ya hayo huweza kuvuruga akili na lina tiba yake.